PETE YA MTU MWINGINE: TUIUZE AU TUIFANYE UPYA?

Masomo: Hesabu 5:5-8, Esta 8:1-10, 2 Wafalme 4:1-7





Neno tunalowaletea leo limetoka katika jambo lililotokea katika parokia yetu moja ya Kisangani. Mama mwenyewe ameturuhusu kulisimulia, ila ameomba jina lake lisiandikwe. Tunalisimulia kwa kuwa katika nyumba nyingi za waamini kuna kitu kilichofika pale kwa njia ambayo watu hawaisemi: cherehani, kitanda, redio, kiwanja, au pete. Leo tuseme juu ya pete.

Mama huyu ni mjane. Mume wake alikuwa mfanyabiashara wa mtoni, akipanda na kushuka kati ya Kinshasa na Kisangani na samaki wakavu, mchele na nguo. Mwishoni mwa mwaka 1991 alirudi na pete ya dhahabu yenye jiwe dogo la almasi, akamvika mke wake. Ndani ya pete ile palikuwa pameandikwa herufi mbili na mwaka 1963. Herufi zile hazikuwa zake wala za mke wake. Mama aliuliza mara moja tu. Mume akajibu: “Nimeinunua, usiulize tena.” Akaivaa kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mume alipougua, deni la hospitali lilikuwa kubwa, na baada ya mazishi deni likabaki. Wakati uleule binti yao akachumbiwa. Ndipo pete ikawa neno la kila siku ndani ya nyumba. Mtoto wa kwanza alisema: “Mama, tuiuze, tulipe deni.” Binti na mchumba wake walisema: “Tuipeleke kwa fundi aiyeyushe, atengeneze pete yetu ya arusi. Hivyo kumbukumbu ya baba itabaki.” Na mama mmoja wa kundi la maombi akamwambia: “Pete ya mtu mwingine ina roho ya mtu mwingine. Itupe mtoni kabla haijaleta kifo cha pili.”

Mama akakosa usingizi. Akaja kwa wazee wa kanisa, akavua pete, akaiweka mezani, akasema: “Wazee wangu, niambieni. Niiuze, niifanye upya, au niitupe?”

Wapenzi, wazee hawakujibu siku ile. Waliomba na kufunga siku tatu, na wakauliza maswali manne. Maswali hayo ndiyo mafundisho yetu ya leo.

SWALI LA KWANZA: JE, KITU HIKI NI NAJISI?

Tusiwadharau wanaoogopa. Sisi wenyewe tunajua ziko pete zinazotoka kwa waganga na wachawi, pete za kupata vyeo na mali, pete za kumfunga mume. Pete za namna hiyo haziuzwi wala hazifanywi upya. Someni Mwanzo 35:4. Watu wa nyumba ya Yakobo walimpa miungu ya kigeni na hereni zilizokuwa masikioni mwao, naye akazifukia chini ya mwaloni karibu na Shekemu. Hakuzipeleka sokoni. Someni tena Matendo 19:19, namna watu wa Efeso walivyochoma vitabu vyao vya uganga ijapokuwa vilikuwa na bei kubwa. Kilichotengenezwa kwa ajili ya Shetani hakitafutiwi faida.

Lakini pete ya ndoa ya mtu mwingine siyo kitu cha mganga. Ni dhahabu na jiwe, na vyote viwili viliumbwa na Mungu. Katika kitabu cha Esta mfalme alivua pete yake akampa Hamani (3:10), na kwa pete ile ikatiwa muhuri barua ya kuwaua Wayahudi wote. Hamani alipoanguka, mfalme hakuitupa pete ile. Alimpa Mordekai (8:2), na kwa pete ileile ikatiwa muhuri barua ya kuwaokoa. Chuma hakikuwa na hatia, hatia ilikuwa ya mkono ulioivaa. Na tazameni Kutoka 32: watu walivua hereni za dhahabu, zikafanywa ndama wa sanamu. Katika Kutoka 35:22 watu walewale walileta hereni, pete na vikuku, navyo vikafanywa kazi ya hema ya Bwana. Dhahabu ni moja, mioyo ni miwili.

Kwa hiyo wazee walimwambia mama: usiitupe mtoni. Aliyefanya woga kuwa mshauri wake atatupa leo pete, kesho atamtupa mtoto akisema ni mchawi. Tumekwisha kuona watoto wa namna hiyo katika barabara za Kinshasa, Mbuji-Mayi na hapa Kisangani. Ndugu, tujihadhari.

SWALI LA PILI: KITU HIKI KILIFIKAJE MKONONI MWANGU?

Katika siku zile tatu, mwonaji mmoja wa parokia alipewa maono. Aliona mkono wa mama mzee, mweupe kwa vumbi la njia, na kidole chake kimoja kina alama ya pete lakini pete haimo. Wengine walitaka kusema: “Mnaona? Ni mzimu!” Lakini mzee wa kanisa alikumbusha 1 Wathesalonike 5:20-21, ya kwamba unabii hatuudharau, na tena tunaupima kabla ya kuushika. Akasema: “Maono hayakutuambia tuogope. Yanatutuma tuulize. Huyu mama ni nani?”

Hapo mama akafungua moyo. Alisema siku zote alidhani pete ile ilitoka katika uporaji. Mnakumbuka mwaka 1991, mwezi wa tisa, askari walipoanza kupora Kinshasa kwa kukosa mshahara, na raia wakafuata, na moto ule ukafika katika miji mingine. Vitu vya watu viliuzwa barabarani kwa bei ya bure. Mama aliishi miaka yote na wazo kwamba amevaa mali ya wizi, lakini hakuthubutu kusema, juu ya kulinda heshima ya mume wake.

Wapenzi, hapa tuelewe hatari ya kufanya upya. Fundi akiyeyusha dhahabu, herufi zinapotea. Kwa mwenye kutubu, huo ni mwanzo mpya. Kwa mwenye kuficha, ni kufuta ushahidi. Akani hakuiyeyusha dhahabu ya Yeriko, aliifukia chini ya hema yake (Yoshua 7:21), lakini ni jambo moja. Na kuuza nako kunaweza kuwa kuficha: ninampa mtu mwingine mzigo wangu, na juu yake ninapokea franga. Moto wa fundi hautakasi kitu ambacho kinywa hakijakiungama.

Basi watoto walitafuta kwa simu rafiki wa baba yao, mzee aliyekuwa fundi wa mashini za mashua, anayekaa Kinshasa hata leo. Yeye alikuwapo siku ya kununua. Akawaambia: “Hapana, haikuporwa. Ni mama mzee aliyeiuza karibu na bandari. Mume wake alikuwa amekufa, kampuni alimofanya kazi imeporwa na kufungwa, naye alitafuta nauli ya kurudi kwa ndugu zake juu ya mto. Alitaja bei yake. Baba yenu akasema pete ni mbaya, ni ndogo, jiwe si zuri. Akapunguza mara mbili. Mama yule akanyamaza, kisha akaivua. Aliivua kwa sabuni, kwa maana ilikuwa imekwisha kukaa sana. Bei ilikuwa ya mfuko mmoja wa unga. Jioni baba yenu alicheka akasema amepata bahati.”

Mama aliposikia maneno hayo alilia kuliko siku ya mazishi.

Ndugu, fungueni Mithali 20:14. Mwandishi anamjua mnunuzi huyo: mbele ya muuzaji anakitukana kitu, akiisha kuondoka anajisifu. Si mwizi. Hakuna jaji atakayemfunga. Na ni nani kati yetu hajafanya hivyo? Katika miaka ya vita, wakati watu walipokimbia, tuliwanunulia mbuzi wao, baiskeli zao, mabati yao, kwa bei ya njaa yao. Lakini Nehemia 5 inaonyesha watu waliotoa mashamba yao rehani ili wapate nafaka wakati wa njaa, na Nehemia hakuwaambia wakubwa, “Mlinunua kwa haki.” Alikasirika, akawataka warudishe. Mbele za Mungu kuna mali ambayo haikuibiwa, na bado inalia.

SWALI LA TATU: KITU HIKI NI NINI KWA KWELI?

Kabla ya kukata shauri, wazee walimtuma mama na mtoto wake kwa mafundi wawili wa dhahabu, si mmoja. Tunawaambia mambo haya kwa urefu kwa sababu waamini wengi wanadanganywa, na wengine wanadanganya.

Ndani ya pete palikuwa na alama 750. Maana yake ni dhahabu ya karati 18: katika sehemu 1000, sehemu 750 ni dhahabu safi, nyingine ni madini ya kuongeza ugumu. Pete ilikuwa na gramu 6, basi dhahabu safi ni gramu 4 na nusu. Hiyo ndiyo bei ya kweli. Jiwe lilikuwa almasi ya kweli, lakini ni sehemu ya kumi tu ya karati. Na karati ya jiwe siyo karati ya dhahabu: ni uzito, gramu 0.2. Kwa hiyo jiwe la mama lilikuwa na gramu 0.02. Fundi alimwambia wazi: “Mama, jiwe dogo hivi, lililokwisha kukatwa, wanunuzi karibu hawalipi kitu. Wanalipa dhahabu.” Mama alishangaa, kwa maana alidhani almasi ndiyo utajiri.

Tusishangae sana, sisi watu wa Kongo. Almasi ya kwanza ya nchi yetu ilionekana Kasai mwaka 1907. Tangu miaka ya 1980, serikali ilipowaruhusu watu wa kawaida kuchimba, vijana wetu wamesimama majini na matamisi yao Mbuji-Mayi, Tshikapa na katika mito ya Kisangani. Jiwe linatoka kwa mchimbaji kwenda kwa mnunuzi mdogo, kisha kontwari, kisha Antwerp au Dubai. Mengi yanakatwa Surat, kule India. Likirudi katika pete dukani, bei imepanda ngazi kwa ngazi. Lakini mjane akilipeleka sokoni, anakuta ngazi hiyo haishuki kama ilivyopanda: anarudishiwa kidogo sana. Na leo kuna almasi zinazotengenezwa na watu kwa mashini, na macho peke yake hayawezi kuzitofautisha na za ardhini.

Tena hatuwezi kujua jiwe lile lilitoka mikononi mwa nani. Mpango wa Kimberley, ambao unadai hati kwa almasi zinazovuka mipaka, ulianza mwaka 2003, nao unaangalia almasi ghafi, siyo jiwe lililo ndani ya pete ya mwaka 1963. Sisi wa Kisangani hatuhitaji kufundishwa kwamba jiwe linaweza kuwa na damu. Mwezi wa sita mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wetu, na biashara ya almasi ilikuwa mojawapo ya sababu za ugomvi wao. Tulizika watu wetu nyuma ya nyumba. Kwa hiyo mkristo akivaa jiwe, avae kwa unyenyekevu, akimwombea aliyelichimba.

Na mashauri haya ya mkono myashike. Pima katika mizani mbili. Usiache pete kwa fundi usiku. Jiwe litolewe kabla ya moto, kwa maana almasi, ijapokuwa ni ngumu kuliko mawe yote ya asili, moto mkali unaweza kuiharibu uso, na nyundo inaweza kuipasua. Simama uone dhahabu yako ikiyeyushwa, isichanganywe na ya mwingine. Na ukiuza, sema ukweli: alama ni hii, uzito ni huu, jiwe ni hili. Kumbukumbu la Torati 25:13-15 linakataza mizani mbili za udanganyifu katika mfuko mmoja, na haliachilii mjane wala maskini.

SWALI LA NNE: NANI ANANINGOJA?

Sasa mama alijua ukweli. Mwenye pete hakuweza kupatikana. Jina lake hakuna aliyelijua, na kama angali hai ana umri mkubwa sana. Mungu aliliona jambo la namna hiyo zamani. Hesabu 5:7 inasema mkosaji aungame, arudishe, aongeze sehemu ya tano. Mstari wa 8 unauliza: na kama hakuna mtu wa kurudishiwa? Basi malipo ni ya Bwana. Hairuhusiwi kusema, “Mwenyewe hayuko, basi deni limekufa.” Mwenye kudai akikosekana, Mungu anasimama mahali pake.

Lakini kulikuwa na mdai mwingine aliye hai, hospitali. Katika 2 Wafalme 4:7 mjane alipopata mafuta kwa muujiza, Elisha hakumwambia aanze kwa sherehe, wala kwa sadaka kubwa ya kuonekana. Alimwambia auze, alipe deni, kisha aishi na wanawe kwa kilichobaki. Mpango wa Mungu ni huo: uza, lipa, ishi.

Jioni ya siku ya tatu familia yote iliketi na wazee. Mama alisimulia habari yote mbele ya watoto, pamoja na neno la bei na kicheko. Mtoto wa kwanza alikasirika, akasema: “Mama, unamwaibisha baba kaburini.” Mama akajibu: “Mwanangu, baba yako nilimpenda. Ninalipa deni ambalo yeye hakupata muda wa kulilipa. Nikinyamaza, ninyi njo mtalirithi.” Kijana akanyamaza, kisha akamshika mama yake mkono.

Wakaamua hivi. Dhahabu iliuzwa kwa uzito wake. Sehemu ya tano ilitolewa kwanza, ikawekwa katika sanduku la wajane wa parokia. Haikuandikwa jina la mtoaji, iliandikwa: “Ya mama wa bandarini.” Kwa feza ile mjane mmoja aliyekimbia vita amelipiwa nauli ya kurudi kwa ndugu zake. Deni la hospitali likalipwa. Kilichobaki kilikuwa kidogo, mama akanunua mfuko wa unga, akawagawia majirani.

Na jiwe lile ambalo soko halikulitaka? Binti aliliomba. Mchumba wake alileta pete nyepesi ya fedha, aliyoinunua kwa kazi yake mwenyewe, na fundi akaliweka jiwe ndani yake. Siku ya arusi kanisani, Baba Mchungaji alipobariki pete, aliwaombea pia wenye herufi mbili za mwaka 1963. Herufi zenyewe, kabla ya moto, mama alikuwa amezinakili kwa kalamu mwishoni mwa Biblia ya nyumba, pale yanapoandikwa majina ya waliozaliwa na waliokufa. Alimwambia binti yake: “Hawa nao ni wazee wako. Uwaombee.”

Basi wapenzi, mtu akituuliza, “Niuze au nifanye upya?” hatuna jibu moja kwa kila pete. Ukiwa na deni, usivae shingoni au kidoleni kitu ambacho kingeweza kulilipa. Ukiwa huna deni na kitu ni safi, kukifanya upya kwa ajili ya watoto si dhambi, maana baba wa mwana mpotevu naye alitia pete kidoleni (Luka 15:22). Lakini kabla ya soko na kabla ya moto, kuna kinywa. Sema kwanza. Waambie watoto kitu kilitoka wapi. Tafuta mwenyewe. Ukimkosa, usimsahau.

Tunawaomba juma hili kila nyumba iketi jioni moja. Baba au mama aangalie vitu vya nyumbani, aulize: Kuna kitu tulichonunua kwa bei ya machozi ya mtu? Aliye hai aendewe. Asiyejulikana, sehemu yake ipelekwe kwa wajane na yatima, bila kutangaza. Na vijana mnaojiandaa kwa arusi, msikope kwa ajili ya jiwe. Pete ndogo iliyolipiwa ina heshima kuliko kubwa inayodaiwa.

Ee Bwana, wewe unayeona kidole kilichovuliwa pete, uwakumbuke waliouza kwa njaa. Utusamehe sisi tulionunua tukicheka. Utufundishe kulipa, na utufanye upya sisi wenyewe kabla ya kufanya upya vitu vyetu. Kwa jina la Yesu Kristo.

Amina.